Bustani ya viungo Mwanza: ziwa lilichukua ya kwanza, mwenye nyumba akachukua ya pili

Wiki iliyopita dada mmoja mteja wangu wa chai aliniuliza aanzeje bustani ya viungo kwake, nikaanza kumjibu pale pale kijiweni nikasahau karai, maandazi yakaungua. Nikamwambia dada ngoja ntaandika. Sasa ndo hii, na wengine mnaokaa huku kwetu kwenye mawe na ziwa msome, sio ya kwenye semina haya, ni yaliyonikuta mwenyewe na hela zangu.

Mi nauza chai ya viungo na maandazi Mkuyuni, tangu 2018. Watu wanakuja kwa sababu ya mchaichai na tangawizi, tusidanganyane, sukari na majani kila mtu anayo kwake. Sasa mwanzoni mwa 2020 nikapiga hesabu ya wiki nikaona viungo peke yake vinanila elfu kumi na mbili mpaka kumi na tano, na siku nyingine nafika sokoni alfajiri nakuta mchaichai umenyauka unaonekana umelala njiani siku mbili. Nikasema napanda wa kwangu. Nani alinituma.

Shemeji yangu ana rafiki yake mwenye eneo kule Luchelele linashuka mpaka majini. Akaniambia lima tu shemeji, maji yako hapo hatua kumi, hutanunua hata mpira wa kumwagilia. Nikaona nimeotea. Udongo mweusi, unyevu mwaka mzima, upepo wa ziwa, we acha. Nikawalipa vijana wawili elfu ishirini watifue, samadi viroba sita elfu kumi na mbili, mashina ya mchaichai elfu kumi, mbegu za giligilani nikachota tu kwenye kopo la jikoni. Ukiweka na nauli ni kama 45,000, na kwa mtu wa maandazi hiyo sio hela ndogo.

Mnaokumbuka mwaka ule mnajua nini kilifuata. Mvua za masika zilikuja zikagoma kuondoka, ziwa likapanda mpaka kiwango ambacho wazee wanasema hawajakiona toka 1964. Kila Jumapili nikienda maji yamesogea, zile hatua kumi zikawa sita, zikawa mbili, katikati ya Aprili nikakuta matuta yangu yako ndani ya maji na magugu maji yametulia juu yake kama yenyewe ndo yalilipiwa samadi. Na kilichoniuma kuliko yote ni kwamba ndo muda ule ule mji mzima ulikuwa unapiga nyungu kwa ajili ya korona, mtu akipita anauliza mchaichai, mwingine anauliza tangawizi, malimao yamepanda bei hayashikiki, na mchaichai wangu mimi unaoza ziwani.

Baadae bwana shamba mmoja akaniambia hata yasingepanda pale hapakuwa pa kulima. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu ukingo ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Hatua kumi unaona mwenyewe. Kwahiyo ukiambiwa na shemeji yako "lima tu", kabla hujatoa hela pima kwa miguu kwanza.

Na ziwa halikuishia hapo. Ile miezi nilikuwa naingia majini mpaka magotini na keni mkononi, pekupeku, nafurahia maji ya bure. Ilipofika Agosti tumbo likaanza kunisumbua, nachoka bila sababu, choo kina damu kidogo. Nikaenda duka la dawa wakanipa za taifodi. Nikameza zikaisha, hakuna kitu. Nikaenda duka lingine, taifodi tena. Mpaka nimekuja kupima choo sehemu ya maana nimeshamaliza zaidi ya elfu thelathini, na jibu likawa kichocho, kile cha tumbo ambacho huku kwetu ukanda wa ziwa kipo sana. Dawa yenyewe ni praziquantel, unapimwa uzito unapewa vidonge unakula kwanza ndo unameza, siku ile kichwa kilizunguka nikalala mchana kutwa alafu ikawa imeisha. Yaani ugonjwa uliokuwa unatibika kwa siku moja niliuhangaikia miezi.

Kwa hiyo kama unamwagilia kwa maji ya ziwa, usiingie majini miguu mitupu, tafuta mtu mwenye pampu au vaa buti. Na maji ukishayachota yaache kwenye pipa lililofunikwa siku mbili kabla hujayagusa, vile vijidudu vya kichocho vikikosa mtu wa kumuingia muda huo vinakufa. Alafu giligilani na nanaa ni vitu tunavyokula vibichi kwenye kachumbari, kwahiyo hata kama bustani ni yako suuza kwa maji safi, usijidai umevuna mwenyewe basi ni salama.

Baada ya ziwa kunifukuza nikarudi nyumbani. Tulikuwa tumepanga Nyegezi huku juu, nyumba ya vyumba vitatu, nyuma yake kuna kipande kama hatua nane kwa kumi kimebanwa na jiwe kubwa upande wa magharibi. Mnaokaa kwenye vilima vya Mwanza mnayajua haya mawe. Mchana linapigwa jua, usiku saa mbili ukiweka kiganja bado lina joto kama chungu kilichoepuliwa. Udongo ni luseni, ndo Wasukuma wanavyouita ule wa kichanga mwepesi, maji ukimwaga unasikia yanashuka hayaagi. Mayu mmoja jirani, bibi wa miaka sabini na kitu, alikuja akauchota akaupuliza ukaruka, akasema mwanangu hapa utalea, hutalima. Sikumuelewa siku ile.

Nikatengeneza tuta moja refu. Hapa ndo kosa langu kubwa kuliko yote na ndo maana hasa ya kuandika, naomba mtu asinisome haraka haraka. Nilipanda vyote kwenye tuta moja. Giligilani, mrehani, nanaa, mchaichai, rozimari miche miwili, tangawizi, vyote vimepangwa mstari kama wanafunzi asubuhi, na vyote nikavimwagilia sawa, asubuhi na jioni, kwa upendo kabisa. Nilikuwa naviona ni kitu kimoja, "viungo". Kumbe sivyo.

Kuna mimea ya msimu na kuna mimea ya kudumu, na tofauti yake sio maneno ya kitabuni, ni tofauti ya tabia. Wa msimu ana haraka. Giligilani akiota tu mawazo yake yako kwenye mbegu, anataka atoe maua, azae, afe, na kazi yako wewe ni kumuibia majani kabla hajamaliza safari yake. Wa kudumu kama rozimari na mchaichai hana haraka, miezi ya kwanza anakaa kama hakujui, anapeleka mizizi chini, ukimharakisha kwa maji na mbolea ndo unamuua. Sasa ukiwaweka kitanda kimoja lazima mmoja aumie, na kwangu waliumia karibu wote isipokuwa mmoja ambae aliwaumiza wenzake, ntamfikia.

Vidio za YouTube nazo zilinipoteza kidogo. Wale wa Ulaya wanasema mrehani utakufa baridi ikiingia, uingize ndani kabla ya theluji. Theluji gani Nyegezi jamani. Huku kwetu kinachoua sio baridi, ni jua la Septemba, ni mvua ya kupiga ya Novemba, na ni mmea wenyewe kuzeeka. Mrehani ukiuvumilia unaweza ukavuka mwaka lakini unakuwa mti mti, majani madogo magumu, harufu imepungua. Kwahiyo usihesabu kama mnavyohesabiwa na mtu wa London, hesabu kwa mvua zako, vuli inayoanza Oktoba na masika ya Machi mpaka Mei, na kiangazi cha Juni mpaka Septemba katikati.

Nianze na giligilani maana ndo wengi mnaitaka. Zile mbegu za jikoni acha, nyingine zimekaa stoo miaka, nyingine zimeshapigwa moto. Nilinunua pakiti duka la pembejeo 2,500, nikazimwaga zote siku moja. Zikaota kwa kubahatisha baada ya wiki mbili, moja hapa moja kule. Nikajifanya mjanja nikazing'oa nizipange upya kwenye nafasi, ndani ya siku kumi zote zikarefuka zikatoa maua. Giligilani haitaki kuhamishwa, mzizi wake mmoja mrefu ukiushtua inajua mwisho umefika. Na ile "mbegu" ya mviringo tunayoiona ni mbegu mbili zimefungwa pamoja, unaiviringisha taratibu na chupa juu ya ubao ipasuke mbili bila kusagika, unaloweka usiku kucha, unapanda pale pale itakapokaa, chini kama sentimita moja.

Awamu iliyofuata ilikubali vizuri na hapo nikapata kichwa. Nikaenda kuongea na mpishi wa hoteli moja mjini, akasema lete mafungu ishirini ya giligilani kila Ijumaa na rozimari kidogo. Ijumaa ya kwanza nikapeleka, ya pili nikapeleka, ya tatu bustani ina maua meupe tupu kama harusi. Nilikuwa nimepanda yote kwa mkupuo, imekomaa yote kwa mkupuo, majirani nikawagawia mpaka wakanikimbia, alafu nikakaa karibu miezi miwili sina hata jani. Mpishi hakunigombeza, alisema tu mama, menyu yangu haiwezi kusubiri bustani yako. Nililia kwenye daladala, ukweli ndo huo.

Siku hizi napanda mstari mmoja tu wenye urefu wa mkono wangu, kila baada ya wiki mbili, hata kama ule wa nyuma haujaota. Nikivuna wa kwanza, wa pili uko kiganjani, wa tatu ndo unachungulia. Ukianza kutoa shina refu la katikati usihangaike kulikata, hautarudi, uache utoe mbegu uvune hizo. Miezi inayonikubali zaidi ni Juni na Julai, usiku kumepoa kidogo na hakuna mvua ya kuulaza, nauwekea matete juu kupunguza jua la mchana basi.

Mrehani mwanzo nilipoteza wote kitaluni. Niliatika kwenye sinia la plastiki, nikabananisha mbegu, nikamwagilia jioni, asubuhi moja naamka miche imelala yote imekatika shingoni kama imekatwa na uzi. Wanaita kinyausi. Ni fangasi wa udongo wanaopenda maji mengi na msongamano. Dawa yangu ikawa kupunguza, mbegu chache, mchanga safi juu, maji asubuhi tu. Lakini siri niliyoijua nimechelewa ni kwamba huhitaji mbegu kila mara, kata kichomozo cha sentimita kumi ambacho hakijatoa ua, toa majani ya chini, tia kwenye glasi ya maji dirishani, wiki moja mpaka mbili kina mizizi. Nanaa vile vile. Na mrehani ukiuvuna usichume jani moja moja kama unaiba, kata shina juu ya majani mawili yanayotazamana, pale panatoka matawi mawili. Ua likitokeza likate hapo hapo.

Sasa rozimari. Miche mitatu, elfu tatu tatu. Miwili niliipanda kwenye lile tuta, mmoja ulibaki kwenye kopo lake maana nafasi iliisha, nikamwambia mwanangu wa pili auweke pembeni ntautafutia sehemu. Ile miwili nikainywesha asubuhi na jioni pamoja na nanaa. Ikaanza kuwa njano kutoka chini, nikadhani ina kiu, nikaongeza maji. Ikawa nyeusi. Nikaongeza samadi. Ikafa. Kama miezi miwili baadae nasafisha nyuma ya simtanki nakutana na kopo, mwanangu alilitupa kule na hakuna aliyelikumbuka, na rozimari iko hai, ya kijani, imekonda lakini inanukia ukiigusa. Mwenzenu nilikaa chini nikacheka. Kitu nilichokisahau ndo kilichopona.

Niliipanda kona ya juu kabisa karibu na lile jiwe, pale ambapo hakuna kitu kilikubali kwa ajili ya joto, kwenye luseni yenyewe na kokoto, maji mara moja kwa wiki au mbili kiangazi kikikaza. Ikakubali kuliko kitu chochote nilichowahi kupanda. Mwaka wa tatu ilikuwa inanifika kiunoni. Yule bibi alivyosema utalea hutalima nadhani alimaanisha hii.

Samadi nayo. Niliagiza guta zima toka kwenye boma la ng'ombe Buhongwa, 15,000, mbichi bado inatoa mvuke, nikaifukia siku hiyo hiyo. Iliunguza miche na ikaniletea magugu ya aina zote za Usukumani. Samadi iache kwenye lundo miezi mitatu ipoe, ukiingiza mkono isikuchome, inukie udongo. Baadae nikajifunza kutumia magugu maji kutengeneza mboji, hiyo nayo ni hazina tunayoilaani tu, ila yakaushe juani kwanza maana karibu yote ni maji, mzigo wa guta ukikauka unabaki kiroba, na usiyachukue karibu na mitaro ya mji inapomwagika ziwani, yale yanafyonza kila uchafu. Mume wangu alinikataza kabisa kuyafuata mwenyewe, baada ya habari ya kichocho, tunanunua kwa vijana wenye mitumbwi.

Tangawizi ntasema kidogo tu. Nilipanda vipande vya sokoni vyenye macho, mwanzoni mwa vuli, penye kivuli cha mpapai, nikafunika na nyasi. Ikastawi. Kufika Julai majani yakakauka yote, nikasema haya imekufa nayo, nikampa kijana ang'oe atupe nipande kitu kingine. Alikuwa ameshatupa karibu nusu kule korongoni ndo akaja kuniuliza mama hizi tangawizi unazitupaje? Kumbe majani kukauka ndo inasema imekomaa, inachukua kama miezi nane mpaka kumi. Tulishuka korongoni na tochi.

Na nanaa. Nanaa ndo huyo mmoja niliyesema aliwaumiza wenzake. Nilipanda vijiti vitatu nilivyopewa bure, ndani ya miezi sita imekula tuta lote, inapita chini ya ardhi inatokea mbele, imemzunguka mrehani, imemkaba giligilani, ikaanza kwenda mlangoni kwa mwenye nyumba. Nilikuwa naing'oa kila Jumamosi naitukana. Kama unaipenda nafsi yako panda nanaa kwenye ndoo iliyotobolewa chini, weka penye kivuli cha mchana, ipe maji kila siku, itakupa chai mpaka uchoke, lakini ardhini usiiweke. Mchaichai wenyewe ni muungwana, unakaa kwenye kichaka chake, baada ya mwaka mmoja na nusu unachimba unagawa mashina unapanda upya, nusu unauza.

Kufika 2022 nilikuwa sinunui tena mchaichai, wala nanaa, tangawizi nilikuwa najitosheleza nusu mwaka. Ile elfu kumi na tano ya wiki ikawa elfu nne. Nikasema sasa nimeshinda.

Juni 2023 mwenye nyumba akaja jioni, mstaarabu tu, akakaa akanywa chai, akasema nyumba imepata mnunuzi, ana miezi mitatu ya kunipa. Sikumlaumu, nyumba ni yake. Lakini nilivyomsindikiza nikarudi nyuma ya nyumba kitu cha kwanza nilichokitazama sio jiko wala vyumba, ni ile rozimari.

Na hapa nikafanya ujinga ambao mpaka leo unaniuma. Ningekuwa na akili, siku ile ile Juni ningekata vipandikizi hata thelathini. Ni kazi ndogo, kichomozo cha urefu wa kalamu, unatoa majani nusu ya chini, unachomeka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo kivulini, wiki nne mpaka nane kina mizizi. Miezi mitatu inatosha kabisa. Mimi nikasema hapana, nauhamisha mti wenyewe. Nikasubiri mpaka wiki ya kuhama, mwisho wa Agosti, ardhi imekauka kama tofali, saa sita mchana gari la kirikuu limeshafika linanisubiri, nikachimba. Mizizi ilikuwa imeingia chini ya jiwe. Nikavuta, ikakatika. Nikaondoka na mti mkubwa wenye mizizi ya kujaza kiganja. Siku ya tisa ulikuwa umekauka, umebaki na harufu tu, nikawa nakatia kwenye nyama.

Kwa hiyo we mpangaji mwenzangu, ya msimu panda ardhini upendavyo, utakula kabla hujafukuzwa. Ya kudumu weka kwenye ndoo. Ndoo ya lita ishirini ya rangi iliyosafishwa vizuri, kwangu nanunua buku mbili, toboa matundu sita chini, kokoto kidogo, udongo nusu na mchanga nusu kwa rozimari, mchaichai unapenda udongo mzito zaidi na mboji. Siku ya kuhama unabeba. Kama una kwako, sawa, chimba, lakini hata hapo chunguza jua linakopita kwa mwaka mzima kabla hujampa mmea wa kudumu sehemu, maana ukikosea utamkosea miaka kumi.

Kilichoniokoa ni umbea. Mwaka 2021 mama mmoja wa mtaa wa chini, tunamuita mama mapacha, alikuwa anapenda kuja jioni tupige stori, siku moja nikamkatia vijiti viwili vya rozimari kwa ajili ya nywele za binti zake. Nilishasahau. Nilivyompigia simu kumlilia kuhusu mti wangu akaniambia we nae, si upo huku, njoo ukate. Nikaenda. Umesimama kando ya karo lake la kufulia, umefika kifuani, mnene kuliko wangu. Nikakata vijiti kumi na mbili, saba vikashika. Ndo hao nilionao sasa huku Kisesa, kwenye ndoo saba, mpaka tumalize kujenga ndo nitawashusha chini. Toka hapo mtu akiniomba kijiti simnyimi, na wala sio ukarimu, najiwekea akiba kwake.

Mwezi uliopita nilikuwa na shughuli Nyegezi nikapita pale pa zamani. Mnunuzi amevunja choo cha nje, amezungusha ukuta, nyuma yote imemwagwa zege mpaka kwenye jiwe. Mchaichai hakuna, mpapai hakuna. Nikawa nataka kuondoka nikasikia harufu. Chini ya geti, kwenye ufa mdogo kati ya zege na mtaro, nanaa imetokeza nje, imejaa mpaka kwenye njia, na mlinzi ameweka jiko lake la mkaa pembeni anachuma anatia kwenye birika. Akanikaribisha chai. Nikakaa nikanywa, sikumwambia kitu.